Sufuria Hairudi Tupu

Kona yetu ya mtaa wa Kasungami, huku Katanga, ina benchi moja, na benchi hilo ni la kahawa yangu. Mimi ni Adolphine. Nachemsha kahawa ya tangawizi kwenye mbabula ya makaa, na wanaume wanakalia mbao zangu tangu asubuhi kama waliachiwa urithi. Yupo Floribert, tunamwita Protocole, kwa sababu harusi na kilio cha mtaa mzima yeye ndiye anayepanga viti na kuamua nani aongee kwanza. Yupo Kambale, mtu wa Butembo anayeuza unga na samaki wa chumvi kwa jumla, huyo ni Depo. Yupo Aristote, fundi simu, anayejua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua, na huyo ni Trottoir. Mwisho wa benchi, pale penye msumari uliojitokeza, ni mahali pa Papa Alphonse, mzee wa reli, Chef de Gare wetu, ambaye hukaa amenyoosha mguu wake mgonjwa mpaka wapita njia wanauruka. Juma hilo mahali pake palikuwa patupu, maana alikuwa amemzika mke wake, Mama Régine. Asubuhi ninayoisema, palikuwa pamekaliwa na sufuria.

Sufuria ilikuwa ya Mama Afi, mtu wa Togo, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Aliileta kwenye kilio imejaa, na sasa ilipaswa kurudi kwake. Kwetu sufuria ya watu hairudi tupu. Ukiletewa chakula, unarudisha chombo na kitu ndani, hata viganja viwili vya karanga, na anayekirudisha anasema chakula kilikuwaje. Kitu cha kutia ndani kilikuwa kimepatikana. Kilichokosekana ni mdomo wa kwenda nacho.

Nisizungushe maneno: chakula chake kilimwagwa. Siku ya maziko wapishi walifunua kifuniko, wakamwita Protocole. Akachungulia, akatumbukiza mwiko mpaka chini, akautoa, akautumbukiza tena. Ndizi za makemba, biringanya, gombo yaani bamia, majani ya lenga-lenga, mchuzi mzito wa karanga. Nyama hakuna, samaki hakuna, hata dagaa wa kudanganya jicho hakuna. Na nje, chini ya hema, walikuwa wamekaa kaka za marehemu waliotoka Mitwaba kwa lori, watu ambao heshima ya kilio huipima kwa mifupa inayobaki kwenye sahani. Wakisema dada yao amezikwa kwa ndizi, nani atawajibu? Protocole akaificha sufuria nyuma ya jiko. Kesho yake mchuzi ulikuwa umechacha, akaumwaga kwenye shimo la takataka, Trottoir akimshikia kifuniko. Mimi nilipewa sufuria niioshe, nikaiosha.

Kinachoniuma ni kwamba tuliona kikipikwa. Ua wake linaelekea benchi langu. Alianza na mawese na vitunguu. Tangawizi na vitunguu saumu alivitwanga kwenye kinu nilichomwazima mimi mwenyewe. Nyanya alizikaanga muda mrefu, mpaka mafuta yakapanda juu yenyewe, na mimi ambaye siku zote nina haraka na nyanya nilijifunza pale pale. Karanga iliyosagwa hakuitupa kavu. Aliikoroga kwanza na maji ya moto kwenye bakuli, ikawa laini kama uji wa mtoto, ndipo akaimimina. Pilipili aliitia nzima, bila kuipasua, itoe harufu isitoe ukali. Makemba, yale ya njano yenye madoa meusi, aliyatia karibu na mwisho yasivunjike, na lenga-lenga mwisho kabisa. Chumvi aliirusha kwa vidole. Kisha hakuonja. Alifunika, akapangusa mikono, akajitwika sufuria, akaenda kwenye kilio. Trottoir aliliona hilo la kutoonja, na tangu siku hiyo hakulala nalo peke yake.

Basi asubuhi ile walikuwa wanasukumiana sufuria.

— Weye njo uliimwanga, weye uirudishe, Depo akamwambia Protocole.

— Miye niliimwanga kwa jina ya comité ya kilio.

— Comité njo nani?

— Njo siye bote hapa.

— Miye nilikuwa mu depo yangu, Depo akasema. Miye nimetoa samaki tu.

Kweli, alikuwa amewatia yeye. Ndani ya sufuria ile niliyoisugua mpaka ikang'aa, Depo alikuwa amelaza samaki wa chumvi wawili, wakubwa, wenye macho meupe. Nilimuuliza kwa nini samaki, wakati gunia la karanga lilikuwa pale pale dukani kwake. Akanijibu kwamba hiyo ni zawadi na tena ni somo, ili mama wa watu aone kitu gani kilikosekana.

— Na kwa nini mbili? nikamuuliza.

— Bazee balisema, samaki moya akioza, bote banaoza. Njo maana nimetia mbili.

Trottoir akatikisa kichwa kama amesikia jambo la maana. Akasema naye wahenga anawajua: asiyekuwepo na lake halipo, nyama haikuwepo, donc supu haikuwepo, na kitu ambacho hakikuwepo hakiwezi kumwagwa. Kwa hiyo hakuna mtu aliyemwaga kitu. Protocole alimtazama kwa shukrani, lakini aibu haikumtoka usoni. Tangu kilio kiishe alikuwa anapita njia ya nyuma ili asipite mbele ya cherehani ya Mama Afi, na koti lake lililokuwa linashonwa pale hakuwa amekwenda kulichukua.

Wakaanza kutafuta sababu. Wanaume wakiona haya hawasemi wanaona haya, wanatafuta sababu. Depo alianza kwa upole. Alisema labda kazi ya kushona imelala, mama hakuwa na kitu, na kwao Butembo makemba yanapikwa vizuri tu na maharage, ila kwenye kilio hata mtu asiye na kitu anaomba mfupa kwa jirani. Protocole akakataa. Mama Afi si mkata, alisema, anavaa viatu vizuri kuliko wake zetu. Yeye aliona ni kutojua desturi. Kila nchi ina kilio chake, labda kwao waliofiwa wanakatazwa nyama mpaka siku ya kunyoa nywele.

— Mwiye munalala, Trottoir akasema. Aba bantu biko na kanisa yabo. Habakule kintu iko na macho. Nilionaka mu telefone. Ukikula kwabo mara moya tu, mbuzi inakunukia mubaya mpaka unakufa.

— Alikula kuku ku communion ya mutoto Dorcelle, nikasema. Nilimpakulia mimi.

— Ile ilikuwa ya kujificha.

Hapo Trottoir akapata moto. Akawaambia wasahau nyama, waangalie jambo kubwa. Mpishi gani haonji chakula chake? Anayeogopa. Na anaogopa nini? Anajua alichotia. Chakula kile hakikuwa cha wageni, kilikuwa cha marehemu mwenyewe, na marehemu hatafuni nyama, ndiyo sababu kila kitu kilikuwa laini. Angekula mtu mmoja pale chini ya hema, usiku huo huo Mama Régine angemwita kwa jina. Kwa hiyo Protocole, alipomwaga, aliokoa watu.

— Vraiment, Protocole akasema polepole. Niliokoa bantu.

Lakini hakusema kama mtu anayeamini. Alisema kama mtu aliyepewa koti la kuazima akaona linambana kwapani.

Depo naye hakutaka kubaki nyuma. Alisema kama ndivyo, basi jambo ni la biashara. Watu wa huko Togo wanajua kupanga mbali. Leo wanatufundisha makemba na karanga, kesho watoto wetu wanakataa nyama, kesho kutwa mbuzi wote wa Katanga, kutoka Mitwaba mpaka mpakani Kipushi, hawana mnunuzi. Nani atawanunua? Lomé.

— Mbuzi na lori mpaka Lomé? nikamuuliza.

— Haba na haba, Maman Adolphine. Haba na haba.

Nikawaambia wanywe kahawa yao wanyamaze. Sikuwa na haki ya kuwakaripia, nami nilijua. Niliiosha sufuria ile nikiwa nimeinama juu ya harufu ya tangawizi na karanga, nikijua kabisa kazi iliyoingia mle, na sikufungua mdomo. Nilimwaga maji ya kuoshea, nikaenda zangu.

Ndipo tukamwona Papa Alphonse.

Alikuwa anakuja taratibu, na fimbo, kitambaa cheusi mkononi, mguu mmoja kwenye kiatu na mwingine kwenye ndala kwa sababu ya kidole chake kilichovimba. Hakuna aliyemtegemea siku hiyo. Wote watatu walisimama, na Depo, kwa kukosa pa kuiweka, aliinua sufuria akaipakata kama mtoto. Papa Alphonse akakaa mahali pake, akanyoosha mguu. Nilimpa kahawa. Walimsalimu mmoja mmoja, Protocole akampa pole za comité nzima, na mzee akashukuru kwa mambo yote: hema, viti, nyimbo, kaka za marehemu walivyopokelewa. Kisha macho yake yakatua kwenye magoti ya Depo, aliyekuwa ameketi tena.

— Ile si sufuria ya Mama Afi?

— Njo yenyewe, papa. Tunairudisha.

— Muzuri. Sufuria ya bantu haikawie.

Alipuliza kahawa yake. Tukadhani yameisha.

— Nilimuona siku ile vile alikuya nayo ku kichwa, akasema. Harufu ya tangawisi ikanifikia kule nilikuwa nakaa, pembeni ya jeneza. Nikasema: Mungu anajua bantu yake. Ju mwiye munajua hii kidole. Docteur alikataza nyama, akakataza na samaki. Na siku ile kila kintu ilikuwa na nyama. Hata majani ya sombe balitia samaki. Nilikula bukari ya unga, na chumvi tu.

Protocole alikuwa hajakaa. Akaketi sasa, kwenye ukingo kabisa.

— Papa, haukusema.

— Muntu amefiwa bibi yake, aseme miye nataka chakula ya pekee? Nilingoja. Nikaona haifike. Nikasema, bageni ba Mitwaba balikula yote, na iko sawa. Bageni bakule.

Hapo ndipo tulipokumbuka, na naona tulikumbuka wote kwa pamoja, maana hakuna aliyemtazama mwenzake. Papa Alphonse alitusimulia mambo ya daktari hapa hapa, kwenye benchi hili, kabla Mama Régine hajaugua. Trottoir alimpa jina jipya siku hiyo, Papa Lenga-lenga, na tulicheka mpaka nikamwaga kahawa. Mama Afi alikuwepo. Alikuwa amekuja kumpima Protocole mabega ya lile koti, pini mdomoni. Hakucheka. Alitoa pini zile akamuuliza mzee: hata samaki? Naye akamjibu, hata samaki. Akamuuliza tena kama anaweza karanga, kama anaweza mawese. Tukadhani ni maneno ya wanawake.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Tulikuwa watu wa mtaa mmoja na mzee huyu miaka yote, na aliyemsikia ni mgeni.

Trottoir alikuwa anatazama simu aliyoishika, iliyofunguliwa, bila betri. Depo alijaribu kuishusha sufuria chini, taratibu, nyuma ya miguu yake, kifuniko kikalia kwenye ukingo. Papa Alphonse akamwambia awe mwangalifu na chombo cha watu. Protocole alifungua mdomo, nami nikajua anataka kusema. Alikuwa na mkono kifuani kama anavyoweka kwenye hotuba zake. Laiti angewahi.

Mama Afi alikuwa ameshavuka barabara.

Alikuja na futi yake ya kupimia shingoni na nyuzi kwenye kitambaa cha kichwa. Alimwendea mzee kwanza, akashika mkono wake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, hawakusema mengi. Kisha akageuka kwetu. Akamwambia Protocole kwamba koti lake liko tayari siku nyingi. Akaona sufuria yake miguuni pa Depo, akatabasamu.

— Miye niko na swali moya tu, akasema. Munisamehe. Chumvi ilitosha?

Macho yetu yote yakarudi kwenye sufuria.

— Ju miye sikuionja. Siku ile nilikuwa nafunga, kwa ajili ya Mama Régine. Nikatia chumvi kwa kukisia tu. Na tangu siku ile hakuna muntu aliniambia kintu. Nikasema, kumbe niliharibu. Nimepikia bantu ba kilio chakula pasipo chumvi. Niko na haya, hata kupita hapa naogopa.

Yeye ndiye aliyekuwa anaona haya. Juma zima, nyuma ya cherehani yake, wakati sisi tulikuwa tunahesabu mbuzi wa Lomé. Nilitaka ardhi ya Kasungami inimeze na mbabula yangu.

— Mujibu mama, Papa Alphonse akasema. Mwiye njo mulikula.

Protocole, ambaye hajawahi kukosa neno kwenye maziko ya mtu yeyote, alitazama mikono yake.

— Sijue, mama.

Mzee akageuza kichwa polepole.

— Depo?

— Sijue, papa.

— Trottoir?

Trottoir alijua kanisa la Mama Afi, alijua makusudi yake, alijua nani angeitwa na marehemu usiku. Chumvi hakuijua. Alitikisa kichwa tu. Basi mama wa watu akanigeukia mimi, mwanamke mwenzake, mwenye kinu.

— Na weye, Maman Adolphine? Weye haukupata hata kidogo?

Nikakumbuka mchuzi uliokuwa umeganda pembeni, chini ya ukingo, mwekundu wa mawese, na jinsi nilivyousugua kwa mchanga. Hata kidole sikukilamba.

— Sijue, nikasema.

Hakuuliza tena. Hakuna mtu mzima ambaye angehitaji kuuliza tena. Aliinama, akaichukua sufuria yake miguuni pa Depo, na kwa kuwa ilikuwa nzito kuliko alivyotegemea, akafunua kifuniko. Samaki wawili walimtazama. Depo alianza kusema kitu kuhusu zawadi, akakiacha katikati. Mama Afi aliwatoa samaki, mmoja kisha mwingine, akawalaza juu ya benchi bila kuwatupa, akajipangusa vidole kwenye kitenge.

— Asante ya samaki, akasema. Lakini hii sufuria nataka kupikia papa leo. Ikinuka samaki hataweza kula.

Akaifunika. Papa Alphonse alikuwa anasimama, na Protocole akaruka kumshika mkono. Mzee aliutoa mkono ule kwenye kiwiko chake kwa upole, kama anavyotoa mtu unyasi kwenye nguo. Akajishikilia kwenye fimbo, akamwambia Mama Afi kwamba atakwenda naye akae uani pake, na safari hii ataonja chumvi mwenyewe kabla haijatoka motoni. Kikombe chake alinirudishia kikiwa nusu.

— Papa, na mahali yako hapa? Depo akauliza, kwa sauti ya kuomba.

Papa Alphonse aliwatazama samaki wale, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, na mimi nikiwemo.

— Mukalishe samaki, akasema.

Walivuka barabara pamoja, yeye na fimbo, mama na sufuria tupu. Mzee alikuwa anatembea mwendo wa kile kidole, na Mama Afi alimngoja kila hatua. Punde tukasikia kinu. Safari hii hakuja kuazima changu, alikuwa ameazima kwa jirani mwingine.

Tukabaki tumekaa, na samaki wa Depo pale kwenye msumari, mahali pa mzee. Harufu ya vitunguu kwenye mawese ilianza kutufikia, halafu tangawizi. Birika langu lilikuwa bado limejaa, na hakuna aliyeomba kahawa.